Meli ya Kwenda Kwenye Baridi

Mwaka ule baba alipokaribia likizo yake ya kazi ya reli, alirudi nyumbani na habari ambayo mtaani kwetu, pale Mpanda, ilikuwa ngeni kabisa. Alisema tutasafiri sote wanne, na hakuna aliyekufa wala kuugua.

"Tunaenda kufanya nini sasa?" mama akauliza.

"Kutembea. Treni mpaka Kigoma, meli mpaka Kasanga, halafu kwa dada yangu Sumbawanga. Mwezi wa sita, baridi ikiwa yenyewe. Nataka nyie muione."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alizaliwa Ugalla, kwenye joto na misitu ya nyuki, na meli alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Lakini jioni ile nilimsikia akimuuliza baba taratibu kama kweli ndani ya meli kuna vitanda.

Treni haikuwa shida, maana wafanyakazi wa reli walipewa waranti ya kusafiri na familia bila kulipa. Shida ilikuwa meli na baridi. Daraja la tatu melini lilikuwa rahisi, ila unalala popote unapopata nafasi, katikati ya magunia na mizigo ya dagaa. Vitanda vilianzia daraja la pili. Basi tukaanza kujibana. Chai ikapungua sukari, baba akaacha kununua betri za redio, na mama akauza asali yote aliyoletewa na kaka zake, hata ile ya uji wetu. Mdogo wangu alinuna siku kadhaa, mpaka baba alipomwambia asali yake imegeuka meli. Hapo akaanza kuwatangazia wenzake kwamba ana meli.

Safari ilipokaribia, baba na mama walikaa mkekani wakapiga hesabu. Fedha zilitosha kitu kimoja: ama vitanda, ama masweta na mablanketi.

"Vitanda tuviache," mama alisema haraka. "Watoto wasije wakapata nimonia nyumbani kwa watu."

Baba alimtazama tu, na mama akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Mama aliuza mchele wa Kibaoni sokoni. Meza ya jirani ilikuwa ya mwanamke wa Katumba, mmoja wa wale waliokimbia Burundi zamani, aliyekuwa akileta maharage. Nilikuwepo siku mama alipokuwa akichagua masweta ya mitumba, na yule mwanamke akamfuata.

"Masweta ya nini, dada, na jua hili?"

Mama akamweleza safari yetu. "Tunaenda kutembea tu," akamalizia kwa aibu kidogo, kwa sababu majirani walikuwa wameshamcheka.

Yule mama hakucheka. Alishika sweta moja, akalivuta, akalirudisha. "Mimi nimekulia milimani. Hili upepo utalipita. Ninunulie yale makubwa yaliyochanika, yale wanayoyatoa karibu bure. Kazi iliyobaki niachie mimi."

Aliyafumua yote, akakunja nyuzi zake, akaanza kufuma upya kwa spoku za baiskeli alizozinoa ncha. Kila siku ya soko alitupima mikono huku akihudumia wateja. Sweta langu lilitoka kijani mpaka kifuani, kisha jekundu, na mkono mmoja wa kahawia kwa sababu nyuzi ziliisha. Alifuma manne, na soksi juu yake. Siku ya mwisho alileta na mablanketi mawili ya nyumbani kwake, ya kutuazima. Mama alipofungua fundo la kanga kutoa hela, yule mwanamke akamfungia tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Watoto wangu walipougua surua, nani aliniuzia maharage mpaka nikarudi? Nenda, dada. Ukapumzike."

Mama alilia palepale, mbele ya wateja.

Kwa hiyo Kigoma baba alikata tiketi za daraja la pili. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka rangi na mafuta. Mama alibonyeza godoro kwa kiganja, akakaa, akasimama, akakaa tena. "Kumbe kweli," alisema. Asubuhi tulisimama naye ukingoni, milima ya Kongo upande mmoja na ya kwetu upande mwingine, na baba akituonyesha kama aliyeipanga yeye.

Kutoka Kasanga tulipanda lori, na kadiri lilivyokwea ndivyo tulivyozidi kusogeleana. Tuliposhuka Sumbawanga, mdogo wangu alifungua mdomo, akapiga kelele, "Mama, naungua ndani! Natoka moshi!" Watu wote wa stendi walicheka, mama akiwa wa kwanza.

Shangazi alimkataza mama kugusa kazi yoyote. Siku ya pili niliamka, nikamkuta bado amelala, jua limeshapanda juu ya ukungu. Sikuwahi kumwona mama amelala saa ile akiwa mzima. Alipoamka alikuta moto umewashwa na chai iko tayari. Akakaa na kikombe mikononi, akinywa polepole, na hakuna mtu aliyemwita.

Baadaye baba alihamishwa kituo, na safari kama ile hatukuipata tena. Sidai nyingine. Nashukuru niliwahi kumwona mama amepumzika.