Tarehe ya Ghorofa ya Kumi na Saba

Saiti nzima ilimwita Kalenda. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata mlinzi wa getini aliyekagua kitambulisho hicho kila asubuhi alimwita Kalenda. Alikuwa seremala wa zege. Meza na vitanda hakuvijua. Yeye alitengeneza mbao za kupokea zege likiwa bado uji, na chini ya mbao hizo alisimamisha vyuma vya kuzishikilia, ambavyo mafundi waliviita propu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amejenga maghorofa mengi mjini, na hakuna hata moja alilowahi kuingia baada ya kuwekwa vioo.

Jina lilitokana na chaki. Kila dari la zege lilipomwagwa, yeye ndiye aliyeandika tarehe kwenye nguzo iliyo karibu na ngazi, kwa tarakimu kubwa zilizonyooka. Zikihesabiwa siku kumi na nne kutoka tarehe hiyo, wang'oaji waliruhusiwa kutoa propu. Hakuna aliyeuliza karatasi. Hata daftari la msimamizi lilijazwa kutoka kwenye nguzo, tena msimamizi alikuwa mvivu wa kupanda ngazi, akituma mtu amsomee kwa simu.

Basi jengo hili lilikuwa la ghorofa thelathini na mbili, na wenyewe walikuwa na haraka ungedhani wanahamia kesho na magodoro yao kichwani. Propu hazikutosha. Ili dari la juu limwagwe, ilibidi za chini zing'olewe. Kisha mvua ikashika siku nne mfululizo, na ndani ya mvua hiyo, tarehe tisa, likamwagwa dari la ghorofa ya kumi na saba. Waliomwaga walikuwa vibarua wa siku, leo hapa, kesho kwingine. Wang'oaji nao walikuwa kwenye jengo la maegesho huko nyuma, hawajui juu kumefanyika nini.

Jioni hiyo msimamizi alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Kalenda, hapo andika tarehe tano."

"Leo tisa, bosi."

"Nina simu, najua leo ni ngapi. Andika tano."

"Na mvua hii? Hili hata siku kumi na nne haliwezi kukomaa vizuri."

"Ile ya kumi na moja uliandika siku mbili nyuma. Ilianguka?"

Haikuanguka. Msimamizi akamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba pale getini maseremala wamejaa tangu alfajiri, na wengi wao bado vijana. Kalenda alikuwa na miaka hamsini na sita. Katika umri huo ukishamwaga unga, hakuna wa kukuzolea. Aliogopa, na hakuna sababu ya kulipamba neno hilo. Akaandika tano, tena akaiandika vizuri.

Tarehe kumi na tisa wang'oaji walipanda juu. Mmoja wao alikuwa mume wa mdogo wake Kalenda, mtu mrefu, mkimya, baba wa mtoto mmoja, ambaye watu walimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kuharakishwa akaharakika. Chakula alikula taratibu, salamu alijibu taratibu, na propu alizitoa moja moja kama mtu anayetoa mayai kwenye kapu. Kazi hiyo alitafutiwa na Kalenda mwenyewe. Alisimama karibu na ngazi, akatazama juu, akapapasa ubao uliokuwa bado unavuja maji.

"Shemeji, hii imekomaa kweli? Mbona bado inalia?"

Kalenda alikuwa amepiga magoti, anakusanya misumari. Msimamizi alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka hapo. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na Mungu anajua neno lenyewe halikuwa refu.

"Si umeona tarehe?" akasema Kalenda.

"Basi sawa. Ukiandika wewe sina maneno."

Taratibu akaanza katikati ya dari kwenda pembeni, kama inavyotakiwa. Kalenda alimwona kwa macho yake. Kwenye chumba cha pili kijana fundi umeme alikuwa anapitisha waya, anapiga mluzi. Propu ya tisa ilipotoka, dari likashuka lote kwa pamoja. Kalenda alijikuta kwenye ngazi, ana vumbi mpaka kooni, na wale wawili hakuwaona tena mpaka walipotolewa saa kumi alasiri wakiwa wamefunikwa.

Wakaguzi walikuja na makoti safi. Walisoma nguzo, wakafungua daftari, tarehe zikafanana, na zingekosaje kufanana? Siku kumi na nne zilikuwa zimetimia. Kama zege halikuwa na kosa, kosa lilikuwa la mng'oaji. Ripoti ikasema marehemu alianza pembeni badala ya katikati, kwa haraka. Kwa haraka, Taratibu. Mafundi waliposomewa walitazamana, mmoja akakohoa, kisha kila mtu akashika chombo chake. Kalenda naye akashika nyundo.

Wiki ya tatu mdogo wake alimfuata nyumbani. Aliketi ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, kama mgeni kwenye ofisi ya watu.

"Kaka, nimesomewa ile karatasi," alisema. "Yule kijana wa umeme ana mama yake. Mama wa watu kapoteza mtoto kwa kosa la mume wangu, halafu mimi nimekaa kimya tu. Silali."

"Wewe huna kosa."

"Najua. Ila nataka twende tukamwombe radhi. Mimi peke yangu siwezi kusema. Wewe ndiye mkubwa wetu, utasema wewe."

Kalenda alimwambia angoje kidogo, watu watulie. Mdogo wake akasema amengoja vya kutosha. Wakaenda Jumapili mchana.

Mama wa fundi umeme, mzee aliyempita Kalenda kwa umri, aliishi katika vyumba viwili nyuma ya soko. Aliwapokea, akawapa kiti na kigoda, akaitikia shikamoo ya Kalenda kwa sauti ndogo. Kwenye kona kulikuwa na mfuko wa zana za mwanawe, bado umefungwa. Mdogo wake Kalenda alipiga magoti sakafuni bila kuambiwa na mtu. Kisha wote wawili wakamgeukia Kalenda, wakamsubiri.

Angeweza kusema pale. Watu watatu tu, mlango umefungwa.

"Mama," alisema, "tumekuja kwa ajili ya ndugu yetu. Alifanya haraka kazini, na haraka yake ikamchukua mwanao. Hayupo kujiombea, kwa hiyo tunamwombea sisi. Tusamehe."

Mama yule alilia. Alipomaliza alimwinua mjane kwa mikono yake miwili, akamwambia kinyongo na mume wake hana tena, amlee mtoto wake kwa amani. Kisha akaja mbele ya Kalenda, akamshika mkono wa kulia na kuubana.

"Wengine wangejificha," akamwambia. "Wewe umekuja kubeba kosa la mwenzako. Mungu akulipe, mwanangu."

Mdogo wake alikuwa anamtazama huku anafuta machozi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa anatabasamu. Kalenda akaitikia amina.