Babu Yangu Mezani pa Bwana

Hata leo nikifungua kopo la nta ya sakafu, ninarudi kwenye lile kanisa la misheni karibu na mto Lufira. Sakafu yake ya saruji nyekundu ilisuguliwa kwa nta mpaka ikang'aa, na harufu ile ilichanganyika na ya mishumaa na ya matofali yaliyolowa mvua. Wenzangu wana kumbukumbu za marashi. Mimi nina za nta.

Nyumbani kwetu Likasi, sura ya Rais ilikuwa ukutani, na tena kwenye kitenge cha mama, mbele na nyuma, hata akikaa anamkalia. Sura iliyokosekana ni ya babu, baba yake mama. Alikufa kwa homa mama akiwa bado tumboni, na hakuwahi kupigwa picha. Nkambo, yaani bibi yetu, alisema tu kwamba mumewe alikuwa mfyatua matofali pale misheni, na kwamba bruda Mbelgiji aliyepamba kanisa alimchora ukutani, mezani pa Bwana, pamoja na mitume. Mama akaikuza habari hiyo mpaka kambi nzima ya wafanyakazi wa mgodi ikamjua kuwa mtoto wa mtume. Baba alimtania kwamba mke wa namna hiyo ni shida kumgombeza. Lakini kila mama alipoomba kupelekwa akamwone baba yake, Nkambo alikuwa na sababu: mvua, barabara mbovu, magoti.

Nilikuwa na miaka kama tisa parokia ilipopata lori la kwenda kuhiji huko, na safari hiyo mama hakuomba ruhusa. Alivaa kitenge kingine, akisema hawezi kukutana na baba yake akiwa amemvaa mwanamume mwingine. Nkambo naye akapanda lori, na magoti yake.

Kanisa lenyewe lilinishangaza. Matao ya matofali yalipanda juu mpaka shingo ikaniuma. Mlango wa tabernakulo ulifuliwa kwa shaba, na altare ilipambwa kwa vipande vya malakiti, jiwe lile lile la kijani tulilokuwa tukichezea barabarani. Nilifurahi sana kuona kwamba Mungu naye anakaa kwetu Katanga. Kwenye ukuta wa kando kulikuwa na Karamu ya Mwisho, mitume wote ni watu wa kwetu, na mezani kuna bukari, yaani ugali, na samaki.

Mama alipita taratibu, uso kwa uso. Alisimama mbele ya Petro, mwanamume wa kifua kipana, akamgeukia Nkambo. Nkambo akatikisa kichwa. Akasimama mbele ya Yohana. Nkambo akatikisa tena. Mwishowe bibi yule aliinua kidole, akamwonyesha mtu wa pembeni kabisa, aliyeshika mfuko wa fedha. Alikuwa Yuda.

Nkambo akaeleza kwamba bruda alitafuta mtu wa kukaa achorwe kama Yuda.

"Bote balikatala kuikala pale," alisema. "Ye akasema, ile kiti haiwezi kubakia bule, bila mutu."

Nilimtazama mama, nikingoja alie. Yeye alisogea karibu, akayaangalia yale masikio makubwa, ambayo ni yake na ni yangu pia, kisha akapiga magoti palepale. Akina mama wa lori wakaanza kugusana viwiko. Padri kijana alikuja na kumwambia kwa upole kwamba Sakramenti iko upande wa pili.

Mama alimwomba radhi kwa Kifaransa bila kugeuka. "Pardon, mon père. Niko naangalia baba yangu."

Padri akaketi kwenye benchi nyuma yake mpaka lori lilipopiga honi.

Tuliporudi na habari hiyo, baba, kwa utani wake, aliuliza ule mfuko wa fedha ulichorwa rangi gani.

"Mufuko gani?" mama akauliza.

Nilidhani anaficha aibu. Nafikiri hata Nkambo alidhani hivyo, maskini, maana ni mfuko huo aliouogopa miaka yote ile.

Sasa mama naye amekwenda. Nimebaki na picha yake moja, iliyopigwa kwenye sherehe fulani ya kambi. Juzi wanangu waliniuliza yule mkubwa wa chama aliyesimama kando yake, mwenye kofia ya chui, ni nani. Ilinibidi niichukue picha na kuiangalia upya. Miaka yote niliyokaa nayo, sikuwahi kumwona.