Nyumba Inayoruhusu Jiko

Saa nne asubuhi, mkesha wa sikukuu ya mashua za joka, watu wanaporudi kwao, mlango wa ofisi moja ndogo mjini Tainan unafunguliwa. Anaingia bibi asiyejulikana na yeyote, mwavuli mkononi.

"Nyinyi ndio wenye tovuti ya nyumba za kupanga? Mbona mnanificha nyumba?"

Tsai Yu-ching (31), mwandishi wa programu, anamvutia kiti. Mgeni huyo, Bibi Kuo, anatakiwa kuhama mwisho wa mwezi. Anataka nyumba ya ghorofa ya chini inayoruhusu kupika; mtaa na bei hakujaza kwenye tovuti. Kila akitafuta, anajibiwa: hakuna.

"Kaa, bibi. Hutatoka hapa hujaona nyumba," anamwahidi.

Kosa analijua. Waliomtangulia kazini waliiandikia kompyuta swali tofauti la kutafutia nyumba kwa kila mchanganyiko wa masharti, na bei ikiachwa wazi, kompyuta huisoma kama sifuri. Nani apangishe bure?

"Mteja wa tambi asipotaja pilipili, utamnyima bakuli?" anauliza Yu-ching huku akifuta mistari ya programu ya zamani. "Unampikia bila pilipili, basi."

Sasa swali ni moja: nionyeshe nyumba zote. Sharti lililojazwa linaongezwa, na alichoandika mteja kinaingia mahali pake. Lililoachwa wazi linarukwa.

Mara inasikika sauti ya kutafuna. Bibi Kuo amefungua pakiti ya kijani ya vitafunio iliyokuwa juu ya seva, mashine inayoendesha tovuti.

"Mama yangu! Bibi kamla mlinzi wetu!" anapiga kelele mwenzake, Po-han. Mafundi wa hapa huamini kwamba pakiti hiyo ya kijani ikiwekwa juu ya mashine, hutulia zisiharibike. "Yu-ching, usiguse kitu leo. Kimbilia treni yako ya saa saba ya kwenda kwenu!"

"Mlinzi gani hana hata chumvi?" anajibu bibi.

Yu-ching anacheka, anatoka kununua pakiti nyingine, ya kijani vilevile, kisha anarudi kujaribu kila sharti. Saa saba inapita. Hajafika kwao Hualien tangu mwaka mpya.

"Natamani mtu aulize kwa kile anachokijua tu, na ajibiwe," anasema, akibonyeza kitufe cha kutafuta.

Nyumba tatu zinatokea. Bibi Kuo anasogeza miwani.

"Hii jiko lake lina dirisha," anasema taratibu.

Yu-ching anashika simu. "Mama, treni imeniacha. Napanda ya jioni, tiketi ya kusimama. Ndiyo, hadi Hualien. Usijali, nimevaa raba."