Mke Wangu na Pampu ya Samaki

Mke wangu Vumilia nilimwoa Kharumwa, akiwauzia wachimbaji wa dhahabu maandazi. Wakati huo hakujua pampu wala mpira wa maji. Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi watu wa hapa Segese wanaongea kana kwamba alizaliwa na spana mkononi, na mimi Jilala nimeokotwa barabarani. Kila anachokijua kuhusu pampu alijifunzia dukani kwangu. Nilimweka pale akae, apokee wateja, na akija mtu mwenye shida aniite.

Basi akakaa. Lakini Vumilia ni mtu wa kuuliza. Akisafisha pampu iliyotoka shimoni na matope yake, anataka kujua kwa nini hapa pamelika na pale hapajalika. Mteja akitaja pampu anayoitaka, anamuuliza shimo lina kina gani, maji ni ya tope au masafi, umeme ni wa nguzo au wa jenereta. Nilimwambia aache kuwachosha watu. Leo ni mwaka wa saba, na watu hao hao wakifika wananirushia "Mambo, fundi" moja, kisha wanauliza Mama Wema yuko wapi. Wema ni binti yetu. Inauma, na sitaki kujifanya haiumi.

Mwaka jana, mwezi wa nane, akaanza kupigiwa simu na Ankit. Huyu ni kijana wa Kahama, familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi ambako sisi hununua mabomba. Simu ya kwanza ilichukua dakika ishirini. Ya pili nusu saa, na mke wangu alicheka mara mbili. Ya tatu nikajibanza nyuma ya roli za mipira nimsikilize. Nilikuwa nimeshapanga nitakachosema, hata wazee nitakaowaita kikaoni nilikuwa nao kichwani.

"Kutoka tangi la chini mpaka la juu ni urefu gani?" nilimsikia akiuliza. "Pima kwa tepu, usikadirie."

Nilibaki pale nyuma nimefura. Yangekuwa mapenzi ningejua pa kuanzia. Hii ilikuwa kazi, tena kazi yangu, na mtu wa Kahama hakuuliza hata kama nipo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama yake Ankit, mjane aitwaye Nirmala, anafuga samaki wa baharini sebuleni kwake, ghorofani juu ya duka. Ndiyo, wa baharini, Kahama. Maji yanatengenezwa kwa chumvi maalumu kutoka Dar es Salaam, na samaki wenyewe walitoka huko huko kwenye mifuko ya hewa. Tangi kubwa la kioo liko juu, dogo limefichwa kabatini chini yake. Maji hushuka kwenye lile dogo kuchujwa, pampu inayarudisha juu. Sasa pampu ilikuwa imekufa, samaki wanaishi kwa kimashine cha kupuliza hewa, na Ankit alisema hawamalizi wiki.

"Mwambie pampu naileta mwenyewe," nikamwambia Vumilia.

Nilichagua ile tunayoshusha mashimoni, yenye nguvu ya hospawa moja. Huku kwetu pampu haichaguliwi kwa karatasi. Unaitumbukiza kwenye pipa, unausimamisha mpira, watu wanatazama maji yanafika wapi. Yangu ilirusha maji yakavuka paa la duka, yakamlowanisha jirani yetu Asteria aliyekuwa anaanika mpunga upande wa pili. Kijiwe kizima kikashangilia, isipokuwa Asteria. Nilijisikia mtu tena.

Vumilia hakushangilia. "Baba Wema, maji yanapanda mita moja na nusu tu pale. Hiyo itayamaliza ya chini kabla yale ya juu hayajapata muda wa kushuka. Halafu ina shaba ndani. Mle tangini mna kamba na matumbawe pia, na shaba inawaua."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma. Na nimemuuliza muuzaji mmoja wa Dar."

Kumbe ana wa kumuuliza mpaka Dar. Niliitia pampu kwenye gunia, tukapanda gari la Kahama.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia Nirmala.

"Marahaba, karibuni." Alikuwa mama mfupi wa miaka sabini hivi, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye gunia langu.

Tangi lile, nakiri, lilikuwa zuri. Samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kamba mwekundu mwembamba akimsafisha samaki mkubwa mapezi, naye samaki ametulia kabisa. Nikainama kabatini, nikafunga pampu, nikawasha.

Maji ya chini yaliisha kabla sijanyanyuka. Tangi la juu likafurika pande zote nne, maji ya chumvi yakashuka kwenye zulia, na samaki mmoja akashuka nayo. Ankit alikimbilia swichi. Nirmala akamkinga yule samaki kwa bakuli, akamrudisha majini. Kisha akatugeukia mimi na mke wangu.

Vumilia ndiye aliyetangulia kusema. "Kosa ni langu, mama. Mimi ndiye niliyempa fundi vipimo. Nilikosea."

Nilipaswa kumkatiza. Badala yake nilifurahi, nilifurahi sana, wivu wote ukanishuka kifuani kwa mara ya kwanza katika miezi mingi. Nikaongeza na langu: "Nilimwambia awe makini na vipimo."

Mke wangu alikuwa amepiga magoti anakamua zulia. Hakuinua kichwa.

Aliagiza nyingine kutoka Dar, ikaja kwa basi siku ya pili yake. Ilikuwa ndogo, inaenea kwenye kikombe cha chai, haina chuma wala shaba inayogusa maji, na ina kitufe cha kupunguza kasi. Nikaichukua na kuanza kujiandaa kwenda kuifunga. Nilimwambia Vumilia kwamba baada ya kosa lile ni afadhali mteja anione mimi.

Simu ya duka ikaita. Alikuwa Nirmala.

"Pampu imefika?"

"Imefika, mama. Naileta mwenyewe sasa hivi."

"Hapana. Namtaka yule aliyekosea. Wewe ambaye hukukosea, baki dukani."

Akakata. Vumilia alikuwa mlangoni, anafuta mikono.

"Mama Nirmala anasemaje?"

"Anasema uende wewe."

"Mimi? Na kosa lile?"

Nilimtazama nione kama ananicheka. Hakuwa anacheka, alikuwa anangoja jibu. Nikaona nikinyamaza safari hii sitaweza kumtazama tena.

"Halikuwa kosa lako," nikasema.

"Najua," akasema. Akaichukua pampu mkononi mwangu, akaniachia duka.