Boksi la Sabuni

Kila ninapofungua boksi la sabuni za miche, harufu ile ya karatasi ngumu hunirudisha Maliba, sakafuni kwetu, mbele ya dada yangu.

Shule yetu haikuwa na kompyuta. Mwalimu alichora vitufe tu ubaoni, na dada akavinakili kwa kalamu juu ya boksi la sabuni. Kila jioni alifumba macho, akabonyeza. Kazi yangu ilikuwa kufuata vidole vyake.

"Nisomee," alikuwa akisema, nami namwambia ameandika nini. Kahawa ilipoanza kuiva, alikuwa hakosei tena.

Wakala mmoja wa forodha kule mpakani Mpondwe alikuwa anatafuta karani. Tukashuka pamoja, dada amevaa viatu vya mama. Wakala akamkalisha mbele ya kompyuta, akampa barua ya kunakili, akatoka kuongea na dereva wa lori. Mimi nikakaa kwenye benchi kando yake. Dada akanyoosha mgongo, akaandika ukurasa mzima bila kutazama chini, vidole vikienda haraka kuliko nyumbani.

Wakala akarudi, akainama kwenye kioo cheusi.

"Dada, hii mashini haijawaka," akasema taratibu. "Barua iko wapi?"

Dada aligeuka kunitazama, akangoja nimsomee.

Nilikuwa nimefuata kila kidole, tangu salamu hadi jina la mwisho, na barua haikuwa na kosa hata moja. Nikaviangalia viatu vya mama.