Emérite na Mpiga Bunduki wa Mkiani

Jirani yangu Emérite alirudi kutoka kazini siku moja na jino lake mwenyewe mkononi, amelifunga kwenye tishu. Nilimwambia aache kazi ile. Hakunisikia. Mimi ni mtu wa Tanga, sina subira na mtu anayepigwa akanyamaza, na tulikosana jikoni kwa sababu ya jino lile.

Tunaishi nyumba moja hapa ugenini, mtaa wa Bellevue, imekatwakatwa vyumba, jiko moja watu kumi na wanne. Yeye ni Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi mtaa wa Observatory kumtunza mzungu wa miaka mia, Mzee Neville: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Wakati wa vita vya dunia mzee huyo alikuwa askari wa ndege za mabomu, na mchana vita vilipomrudia kichwani alikuwa anapiga. Ngumi, vijiko, kikombe cha chai. Kuna siku alimkaba Emérite shingo mpaka macho yakamtoka. Na kila mara alipiga kelele zile zile: "Kushoto! Kushoto!"

Ilimchukua Emérite miaka miwili kuyaunganisha maneno ya mzee. Mwaka 1944, huko Italia, Neville alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mpiga bunduki wa mkiani. Mtu wa mkiani hukaa peke yake, amempa rubani mgongo, anatazama wanakotoka. Kwa hiyo sheria yao ilikuwa moja: kushoto ni kushoto kwa rubani, wewe umekaa vyovyote. Asubuhi moja wakirudi, ndege ya wenzao ikachomoza winguni upande wa mkono wake wa kulia. Kwa hofu akaisahau sheria. Akaona pa kukimbilia ni mkono wake mwenyewe wa kushoto, akaita, "Kushoto!" Rubani akamwamini, akageuza, akaingia moja kwa moja kwenye ile ndege nyingine.

Pangaboi la ndege ile liliikata ndege yao katikati. Mkia ulinyofoka Neville akiwa ndani, na kutoka pale aliwaona wenzake saba wakiwaka, mmoja akiruka bila mwavuli wa kushukia, nywele zinaungua. Mkia uliangukia miti, yeye akavunjika miguu. Wenzake walizolewa kwa koleo. Kwenye ndege ya pili walikufa wote wanane. Wakubwa walipomhoji hospitalini, alisema rubani aligeuza kwa akili yake mwenyewe, na ikaandikwa hivyo.

Mwaka huu akajitokeza Bi Maureen, binti wa rubani yule, bibi wa miaka themanini na moja, aliyezaliwa baba ameshakufa. Alikuwa amesikia kwamba kuna mmoja bado yu hai. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kweli baba yake ndiye aliyewaua wenzake kumi na wanne.

"Mzee atasema," Emérite aliniambia. "Dada Zubeda, akikataa nitamsemesha mimi. Eish, nimechoka."

"Utafukuzwa."

"Basi wanifukuze."

Bi Maureen alikuja Jumamosi mchana, na fimbo yake ya kutembelea. Mzee siku hiyo alikuwa na akili zake zote. Alipoulizwa, alitazama zulia. "Baba yako aligeuza vibaya," akasema. "Pole sana."

Emérite akakigeuza kiti cha magurudumu alichokalia mzee, kikatazama ukuta. Akamwomba Bi Maureen aketi nyuma ya mzee, mgongo kwa mgongo.

"Mzee, wewe uko mkiani. Huyu ndiye rubani. Ndege inatokea wapi?"

Mkono wa kulia wa mzee ukainuka, ukanyooka pembeni.

"Mwambie rubani."

Mzee akakaza meno. Emérite akakipiga kiti teke. "Mwambie!"

"Kushoto!" mzee akapiga yowe. "Kushoto! Kushoto!"

Bi Maureen, bila kufikiri, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Emérite akaushika, akausogeza mpaka ukagusana na ule wa mzee, ulioonyesha ndege inakotoka. Ilikuwa upande ule ule.

Bibi yule aliitazama mikono ile miwili. Halafu akasimama, akamzunguka mzee, akamchapa fimbo ya uso. Pua ikapasuka. "Mama yangu alihama miji mitatu!" alifoka. "Watu walikuwa wanatutemea mate!" Akapiga tena, ya sikio, damu ikaruka ukutani. Ya tatu Emérite aliidaka hewani, ikamchana kiganja.

"Mwache," mzee akasema, damu imemjaa mdomoni. "Mimi ndiye niliyemwambia ageuze. Mimi ndiye. Mwache anipige."

Bi Maureen akaiachia fimbo, akakaa sakafuni, akalia.

Jioni ile ile mtoto wa mzee, ndiye mwajiri wake, alimfukuza Emérite kazi. Nikimfunga kiganja jikoni nilimgombeza, maana nilikuwa na hasira kweli: mtu amekutesa miaka miwili, leo amempata mbabe wake, wewe unamkingia fimbo ya nini?

Ndipo aliponiambia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, kule Buyenzi, watu walipomtoa baba yake nje wakamkata mapanga uani. Yeye alikuwa chini ya kitanda na sauti zao alizijua, walikuwa majirani. Baadaye aliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alisema siku hiyo hakuwepo.

"Fimbo ingemwua kabla hajakiri, dada," akasema, "nami miaka thelathini natafuta mmoja tu aniambie, ni mimi. Ningempokea hata na panga lake mkononi."