Jani Lenye Mabaka

Ile okidi, mmea wa maua wa porini, niliikuta kwenye kilima cha upande wa Munisagara, mahali walipokuwa wakikata miti ya mkaa. Ilikuwa na majani mawili tu, manene, ya kijani kilichofifia, yametapakaa mabaka meusi meusi. Roho iliniuma kuiacha ikanyagwe.

Nyumbani Kilosa niliipanda kwenye sufuria mbovu niliyoitoboa chini. Sikuipa udongo wa bustani, maana ungeozesha mizizi. Nilichanganya majani yaliyooza, mchanga na vipande vya mkaa, nikaiweka nyuma ya jiko penye kivuli. Miaka miwili haikutoa ua. Majirani walinicheka kwamba nafuga majani. Mimi mabaka yale yalinitosha.

Kisha mama akahamia kwangu kutoka Malolo, magoti yalipokataa kupanda mlima kwenda shambani. Mama yangu hajui kukaa bure. Wiki ya kwanza tu alifagia uwanja, akapanga kuni upya, akapalilia mihogo yangu michache. Nikirudi kazini namkuta amechoka, lakini uso umemkunjuka.

Siku moja alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuokolea mihogo yako. Kuna kitu huko nyuma ya jiko kilishaingiwa na batobato. Nimeking'oa, nimekichoma."

Batobato ni ugonjwa unaotia majani ya mihogo madoa. Uliwahi kutumalizia shamba zima Malolo nikiwa mdogo, na bwana shamba alitufundisha kwamba ukiona jani lenye mabaka, ng'oa, choma. Mama alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Hayo nayasema leo. Siku ile hasira zilinipanda, nikamwambia, "Mama, kwenye nyumba yangu usiguse kitu bila kuniuliza."

Aliingia ndani taratibu.

Tangu hapo akawa anashinda kwenye kiti barazani, mikono mapajani, ufagio uko pembeni yake na haushiki. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Nikimpa mchele achambue, anachambua, anarudi kitini. Niliona wazi kwamba nimemzeesha mama yangu kwa maneno ya mdomo wangu, na sikujua pa kuanzia kuyarudisha.

Mvua zilipoanza, chini ya mlimao, mama alikomwaga ule udongo wa sufuria, kikatoka kichipukizi chenye mabaka. Kumbe kipande cha shina kilibaki. Mama ndiye aliyekiona. Jioni nilimkuta amesimama pale kwa magoti yale mabovu, akifukuza kuku kwa upindo wa kanga, na sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi.

"Mwanangu," akasema, "kuku watakiparua hiki. Naruhusiwa kukizungushia vijiti?"

Aliuliza kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji ya kunywa. Machozi yalinitoka, mtu mzima mimi. Naye akaendelea kusimama palepale, akisubiri nimjibu.